Kabla hujalipa kodi ya miezi sita, tafuta watu sita

Pita asubuhi mitaa ya katikati ya Mwanza uangalie mafundi cherehani walivyojipanga kwenye baraza za maduka. Wanne, watano, kila mmoja na mashine yake na wateja wake. Pasi ni moja, wanapokezana. Mmoja akienda msibani Magu, mwenzake anampokelea mteja na kumtunzia nguo. Kodi wanachanga. Hawa walifahamiana na kuaminiana kwanza, ndipo wakatafuta mahali.

Mimi nilipofungua ofisi ya pamoja Kirumba, yaani chumba ambacho watu wa kazi mbalimbali wanalipia kukaa na kufanya kazi zao, nilianza na chumba chenyewe. Dalali alinipandisha ghorofani: chumba kipana, ziwa linaonekana dirishani, upepo wa kutosha. Nikalipa kodi ya miezi sita papo hapo kama ilivyo desturi yetu, laki tano kwa mwezi. Nikanunua meza, viti 12, ruta na feni mbili. Nikabandika tangazo, nikasubiri. Miezi miwili ya kwanza walikuja watu tisa kwa jumla, wengi wao mara moja tu. Wakalipa elfu tano ya siku, wakaenda zao.

Hapo nikaielewa hesabu inayoua ofisi hizi: kodi unailipa kwa miezi sita, wewe unalipwa kwa siku. Siyo tatizo la Kirumba peke yake. WeWork, kampuni iliyoanzishwa New York mwaka 2010, ilikodi majengo kwa mikataba ya miaka mingi, ikayapangisha kwa watu wengi wanaoweza kuondoka baada ya muda mfupi. Novemba 2023 ikakimbilia mahakamani Marekani kuomba kinga ya kufilisika. Wao walikuwa na mabilioni ya dola ya wawekezaji. Sisi wengi tunaanza na fedha ya upatu.

Kwa upande mwingine yupo Brad Neuberg, anayetajwa kuwa ndiye aliyeanzisha utaratibu huu wa ofisi za pamoja San Francisco mwaka 2005. Alipata nafasi ya siku mbili tu kwa wiki, na mwezi wa kwanza hakuja mtu. Naamini aliweza kuvumilia kwa sababu hakuwa amejifunga na jumba zima.

Kilichotuokoa sisi ni Alhamisi. Niliwatafuta watu mmoja mmoja: mhasibu anayeandika hesabu za maduka, wabunifu wawili wa nembo na mabango, dada anayetafsiri nyaraka, kijana aliyesoma chuo Malimbe anayetengeneza programu za simu. Nikawaalika kila Alhamisi bila malipo, kwa sharti moja: kila mtu aje na kazi yake halisi. Saa saba mchana tunaagiza ugali na dagaa kwa mama ntilie wa chini, tunakula meza moja. Wiki ya tatu mbunifu mmoja alikuwa amempelekea mhasibu mteja. Wiki ya tano mhasibu ndiye aliyeuliza, "Hivi ukituwekea bei ya mwezi, itakuwa shilingi ngapi?" Watu sita wakakubali elfu themanini kila mmoja. Hiyo ni 480,000, haitoshi hata kodi. Lakini kwa mara ya kwanza nilijua mwezi unaokuja utaingiza nini, na wale wa siku moja moja wakawa wa kujazia pengo.

Na wanachama hawa ndio waliotatua mambo ambayo samani haziwezi. Mvua ya masika ikipiga bati letu hamsikilizani. Anayeongea na mteja kwenye simu anapiga kelele, na wengine wote wanaacha kazi. Walikubaliana wenyewe kutumia stoo ya nyuma kwa simu, wakaning'iniza magodoro mawili ya zamani ukutani kuzuia sauti. Uniti za LUKU zimeandikwa ubaoni kila mtu azione, na zikipungua hakuna anayesubiri kuambiwa. Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ikayumba nchi nzima, waligawana bando kidogo lililopatikana kwa kuangalia nani ana kazi ya kukabidhi siku ile. Mteja wa elfu tano asingefanya hivyo, na simlaumu.

Jambo moja la haraka kwa anayeanza: kodi ya zuio kwenye pango, asilimia 10, inakatwa na mpangaji na kupelekwa TRA. Zungumza na mwenye nyumba kabla ya kusaini. Wangu alitaka fedha yake kamili, hivyo ile asilimia ikatoka mfukoni mwangu.

Wapo wanaoshauri kutafuta mfadhili wa samani na kompyuta kwanza. Sikubaliani nao. Kanda yetu hii ilishaonyesha njia nyingine: miaka ya 1950 wakulima wa pamba, Paul Bomani akiwa mbele yao, walijikusanya kwanza kwa sababu wamechoka kupunjwa kwenye mizani. Vyama vyao vikaungana, likazaliwa shirikisho la Victoria, na viwanda vya kuchambua pamba vikafuata baadaye. Walioanza na kero ya pamoja walikuwa na sababu ya kurudi mkutanoni kesho yake. Viti havimpi mtu sababu hiyo.

Wiki iliyopita amenipigia kijana wa Nyegezi. Dalali ameshamwonyesha fremu nzuri karibu na stendi na anamharakisha alipe. Nimemwomba asilipe kwanza, aje Alhamisi akae na sisi, na kama ana wenzake waje nao. Amesema atakuja na wawili. Mama wa chini nimeshamwambia aongeze sahani tatu.