Vyungu vya Wakisi: tuwajengee galari au tuache soko liendelee?

Watu wakitoka kutembea Matema, kule Kyela ziwa Nyasa linapoishia, hoja huwa ni ile ile: kina mama wa Ikombe wanaofinyanga vyungu vya Wakisi, kabila la huko ziwani, wajengewe galari pale pale kijijini, bei ziandikwe, mgeni aingie aone chungu kinavyofinyangwa, alipe, aondoke na mzigo wake. Na hakosekani wa kupinga kwamba mkishaweka galari tu chungu kinageuka pambo la sebuleni na soko la wenyeji linakufa. Binafsi naona pande zote zina hoja, ila tunabishania jengo wakati shida yenyewe iko kwenye malipo.

Kwa asiyepajua, Ikombe iko chini ya milima ya Livingstone, yaani mlima umeshuka mpaka majini na sehemu ya kulima ya maana ni finyu, ndo maana toka enzi hizo wanaume wanavua na wanawake wanafinyanga, na vyungu vilikuwa vinabadilishwa na chakula cha Wanyakyusa wa bondeni. Mpaka leo mzigo unatoka kwa mtumbwi hadi Lyulilo, jirani kabisa na Matema, kwenye soko la Jumamosi, halafu unapakiwa kwenye magari kwenda Mbeya na kwingine hadi Dar. Kwahiyo hawa sio watu waliokuwa wanasubiri watalii waje kuwafungulia biashara, biashara wanayo siku nyingi sana.

Sasa angalia kazi yenyewe. Udongo unachimbwa, unapondwa, unatolewa mawe, mama anainua kingo za chungu kwa vidole vyake, anasawazisha, anasugua kwa jiwe laini mpaka kinang'aa, anakipaka udongo wa rangi, kinakaa kivulini kikauke taratibu maana jua kali linakipasua, ndo vinapangwa uwanjani pamoja na kuni na nyasi na kuchomwa. Vingine vinapasukia humo humo motoni na huwezi kujua mpaka moto ushuke. Mtu aliyeshuhudia hatua zote hizi hawezi kusimama mbele ya yule mama akamlilia ampunguzie elfu moja, na hii kwangu ndo hoja nzito kuliko zote ya wanaotaka galari, kwamba mnunuzi anayeona kazi analipa kwa heshima, ila anayekikuta chungu kimelundikwa stendi anaona ni udongo tu. Binti wa pale naye akiona kazi ya mama yake inalipa na inaheshimiwa anaweza kuishika, tofauti na sasa ambapo sufuria na ndoo za plastiki zimechukua nusu ya kazi za chungu nyumbani.

Ila wanaopinga nao wasidharauliwe. Tuna mfano wa Nigeria, mama mmoja anaitwa Ladi Kwali, alikuwa anafinyanga mitungi ya maji kwa mkono kama alivyofundishwa na shangazi yake, mfinyanzi Mwingereza Michael Cardew akaiona mitungi yake kwenye kasri la Emir wa Abuja ya zamani, Suleja ya leo, na mwaka 1954 Ladi akajiunga na kituo cha ufinyanzi cha Cardew. Mitungi ikaanza kupakwa glezi, yaani tabaka linalong'aa kama kioo, na kuchomwa kwenye tanuri, ikaonyeshwa London, na leo picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Heshima kubwa mno na anaistahili. Lakini mtungi wa namna ile haukuwa tena wa kuchotea maji, ulikuwa wa kutazamwa, na aliyekuwa na uwezo wa kuununua sio jirani yake wa kijijini Kwali tena. Hicho ndicho wanachokiogopa wanaopinga, na hofu yao ina msingi, mana mgeni anataka kitu kidogo kinachoingia kwenye begi, atauliza vyungu vya maua na vya kuweka kalamu, na mfinyanzi atafuata pesa ilipo kama mtu mwingine yeyote, halafu bibi wa Ipinda anayetaka chungu kikubwa cha maharage atakikosa.

Tuje kwenye malipo sasa. Dalali wa Lyulilo analalamikiwa sana, na ni kweli bei yake mara nyingi ni ya kutupwa, ila tuseme haki, anabeba mzigo wote, kizuri na kilichopinda kidogo, anatoa hela hapo hapo, na vikivunjika njiani hasara ni yake. Galari nyingi za sanaa hapa kwetu zinaendeshwa kwa mali kauli: unaacha mzigo, unaandikiwa kwenye daftari, unaambiwa vikiuzika tutakupigia. Bei kwenye kibandiko ni nzuri kweli, lakini wamechagua vile vizuri tupu na vingine unarudi navyo, masika wageni hakuna, mtoto anadaiwa michango shuleni, na pesa yako imekaa kwenye rafu ya mtu. Mama wa hivyo atarudi kwa dalali kesho yake tu na atakuwa hajakosea. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na galari ya mali kauli haitambadilishia sahani.

Kwahiyo msimamo wangu, galari ijengwe, ila iwe inanunua kwa cash siku mzigo unapofika, bei wakae kina mama wenyewe waipange, na nusu ya rafu iwe vyungu vya kupikia kwa bei ya mwenyeji. Mtaji wa kununulia ndo utafutwe kwanza kabla ya saruji, mana wafadhili wetu wanapenda jengo la kukata utepe, halafu mwaka wa pili limefungwa kufuli. Na jina la Wakisi liandikwe kwenye kila chungu, mchele wa Kyela umetufundisha kwamba jina zuri linapandisha bei ila pia kila mchuuzi analipachika hata kama mchele wake umetoka kwingine.

Kwa sasa ukitaka kwenda, lami inafika mpaka Matema kupitia Ipinda. Nenda Jumamosi asubuhi, sokoni kunachangamka mapema. Chagua chungu kwa kukigonga na kidole, kikilia kama kengele kimeiva vizuri, kikitoa mlio uliokufa basi kina ufa hata kama huuoni. Ukifika nacho nyumbani usikiwashie moto mkali, kichemshie kwanza uji mwepesi kwa moto mdogo kizibe vitundu, ndo upike maharage yako. Kama unaweza, panda mtumbwi uende Ikombe kwenyewe ukanunue kwa aliyekifinyanga, na bei atakayokutajia mpe hiyo hiyo.