Baba Deni

Mwanangu wa kwanza alipozaliwa hapa Mtwara mwezi wa Novemba, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, jina lake lilikuwa tayari tangu mimba ilipokuwa na miezi minne. Nilitaka jina la kisomi. Majina ya upande wa mke wangu kule Newala, ambako mtoto huweza kuitwa Shida, Tabu au Sijaona kwa kufuata hali iliyokuwapo nyumbani siku alipozaliwa, niliyaheshimu kwa mbali, kama mtu anavyomheshimu mbwa mkali wa jirani. Nikachagua Dean, jina ambalo kwa Kiingereza ni pia cheo cha mkuu wa kitivo katika chuo kikuu. Mimi ni mwalimu wa sekondari ambaye hakuwahi kumkaribia mkuu wa kitivo isipokuwa siku ya kuomba kuahirishiwa mtihani, kwa hiyo niliona vyema mtoto aanzie ndani ya ofisi ambayo baba yake aliishia mlangoni.

Kwa kuwa nilitarajia kuulizwa maana, nilijiandaa kama wakili. Neno hilo asili yake ni decanus la Kilatini, lililotokana na decem, yaani kumi. Lilimtaja msimamizi wa watu kumi, iwe katika jeshi la Roma au baadaye katika nyumba za watawa, kisha likapanda ngazi kupitia makanisa makubwa hadi likafika vyuoni. Ipo pia asili ya pili, kwa maana Kiingereza cha kale kiliita bonde denu, na baadhi ya koo za Uingereza zilipata jina hilo kwa kukaa bondeni. Hiyo ya pili niliificha, kwani sikukesha miezi mitano ili mwanangu aitwe Bonde.

Dirishani, muuguzi aliyekuwa na foleni ndefu aliniuliza jina la mtoto, nami nikalitamka kwa lafudhi niliyoifanyia mazoezi: "Diin." Akaandika DINI. Nikamwambia kwa upole wa darasani, "Samahani dada, si Dini. Inaanza D, halafu E..." Hapo akatabasamu kama mtu aliyeelewa kabla ya kumaliziwa, akalikata neno la kwanza, akaandika DENI, akagonga muhuri na kumwita anayefuata. Nilipojaribu kurudi dirishani, mama aliyebeba pacha mmoja mgongoni na mwingine kifuani aliniambia, "Baba, muhuri umeshagongwa, tupishe." Nikajiambia kwamba nitarekebisha kesho.

Mama mkwe alikuwa ameshuka kutoka Newala siku ileile. Shemeji alipoisoma kadi kwa sauti, mama alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Mkwe wangu, deni la nani?" Fedha za mnada wa korosho zilikuwa hazijaingia, na waliokopesha salfa, dawa ya mikorosho, walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba, kwa hiyo kabla sijajibu alikuwa amekwisha kujijibu mwenyewe. Akanishika mkono na kunishukuru kwa kufuata mila za ukweni.

Siku ya saba, maalim wa mtaani alifurahi zaidi ya wote. Alituelimisha kwamba dini na deni ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu, ambako yote mawili huandikwa kwa herufi zilezile tatu, dali, ya na nuni, yakitofautiana kwa irabu tu. Tena kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, inahusu deni na inaamrisha liandikwe. "Nawe mwalimu umeliandika," akasema, "tena lina muhuri."

Nikaona wakati wa decanus umewadia. Nilisimama, nikaeleza Kilatini, nikaeleza Roma, nikafika kwa msimamizi wa watu kumi, ndipo balozi wetu wa nyumba kumi akaiweka chini sahani yake ya pilau na kuuliza, "Kumbe mtoto ni balozi?" Nikamjibu kwamba ni mkuu wa kitivo. "Sawa, mwalimu. Hicho kitivo kina nyumba ngapi?"

Hayo yote ningeyavumilia, lakini mzazi huitwa kwa jina la mwanawe. Muuza duka, ambaye daftari lake lilikuwa na mchele, sukari na vocha zangu tangu Agosti, aliposikia mtaa mzima ukiniita Baba Deni alicheka hadi akashikilia mizani.

Kesho ile niliyojiahidi ilifika baada ya miezi saba. Nilipofuatilia marekebisho, niliambiwa nilete barua ya balozi, hati ya kiapo kutoka kwa wakili, na ada. Barua niliipata siku hiyohiyo, kwani balozi aliamini anamsaidia balozi mwenzake. Ada na malipo ya wakili vilinikuta katikati ya mwezi, nami sikuwa na pa kwenda isipokuwa dukani.

Nilimweleza muuza duka kwamba ninakopa ili kuliondoa Deni, na kwamba jina sahihi hutamkwa Diin. Alilirudia mara mbili akilionja. "Dini," akasema, "hilo ni jina la mtu asiyedhulumu." Akafungua daftari, akakata Baba Deni kwa mstari ulionyooka, akaandika Baba Dini, kisha kiasi cha zamani akakiacha palepale na kipya akakiweka chini yake.