Dawa ya kifafa kwa mbwa: ini limetuogopesha kupita kiasi

Mbwa akianguka mara ya kwanza, akakakamaa, akapiga miguu kama anayeogelea na kujikojolea, swali la dawa huja kabla hajasimama vizuri. Wapo wanaotaka vidonge siku hiyo hiyo. Wengi zaidi hawavitaki kabisa, maana wamesikia kwamba fenobabitoni, dawa inayotumika zaidi kwa kifafa cha mbwa, inaua ini.

Wanaotaka kusubiri wana hoja. Tukio moja fupi halitoshi kumwanzishia mbwa dawa. Huenda amekula sumu, au sukari ya damu imeshuka. Huenda hata si kifafa: mbwa anayezimia kwa sababu ya moyo mara nyingi hulegea na kuamka upesi, akili yake ikiwa timamu, ilhali wa kifafa hubaki ameduwaa. Video ya simu humsaidia daktari kuliko maelezo marefu. Kifafa kisicho na chanzo kinachoonekana huanza zaidi kati ya umri wa miezi 6 na miaka 6. Nje ya hapo, chanzo kisakwe kwa bidii zaidi. Na mbwa anayeanguka kwa dakika moja kila baada ya miezi minane, kisha akarudi katika hali yake upesi, anaweza kuachwa bila dawa, mradi kila tukio liandikwe: tarehe, saa, na muda uliopimwa kwa saa, maana kwa macho ya aliyeshtuka nusu dakika huwa dakika tano.

Ila kusubiri kuna mwisho. Mwongozo wa 2015 wa IVETF, kikosi kazi cha kimataifa cha kifafa cha wanyama, unashauri dawa ianze mbwa akipata matukio mawili au zaidi ndani ya miezi 6, mawili au zaidi ndani ya saa 24, au moja linalopita dakika 5. Dawa inashauriwa pia matukio yakizidi kukaribiana, au mbwa akibaki mkali au haoni baada ya tukio. Mbwa aliyefika hapo akinyimwa dawa kwa kuhofia ini lake, anaachwa katika hatari ya tukio lisilokatika, ambalo hupandisha joto la mwili, huumiza ubongo na linaweza kumuua.

Hiyo hofu ya ini hutoka wapi? Mara nyingi hutoka kwenye karatasi ya maabara. Miezi michache baada ya kuanza dawa, ALP, kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za mwili) kinachopimwa kwenye damu, kinasomeka juu, pengine mara kadhaa ya kiwango cha kawaida, mwenye mbwa anashtuka na vidonge vinaachwa. Lakini fenobabitoni huliamsha ini litengeneze vimeng'enya zaidi, kwa hiyo ALP hupanda hata kwenye ini lenye afya. Ili kujua kama ini linashindwa kazi, tazama albumini (protini ya damu inayotengenezwa na ini), bilirubini (rangi ya njano ambayo ini huiondoa kwenye damu), na asidi za nyongo kabla na baada ya chakula. Albumini ikishuka, au asidi za nyongo zikipanda, hapo kuna jambo. Hatari ya ini huongezeka hasa kiwango cha dawa kwenye damu kikikaa juu ya mikrogramu 35 kwa mililita, na ndiyo maana madaktari wengi hulenga 20 hadi 30. Linalotisha bila kutoa dalili kwenye ALP ni kushuka kwa chembe za damu, tatizo adimu linalojitokeza zaidi katika miezi ya mwanzo, na hesabu kamili ya damu hulibaini.

Dozi ya kuanzia ni miligramu 2.5 hadi 3 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 12. Mbwa wa kilo 20 hupata hadi miligramu 60 kila mara, yaani vidonge viwili vya miligramu 30 asubuhi na viwili jioni. Wiki mbili za kwanza atayumba na kulala sana, hilo hupungua. Njaa, kiu na mkojo mwingi hubaki, kwa hiyo chakula kipimwe, la sivyo atanenepa.

Kiwango cha dawa kwenye damu hupimwa siku ya 14 hivi, na hapa wengi hukosea kwa kuishia hapo. Ini lile lililoamshwa huanza kuisafisha dawa haraka zaidi, hivyo kiwango kinaweza kushuka wiki za baadaye ingawa dozi ni ile ile. Matukio yanarudi, watu wanasema dawa imezoeleka, kumbe imepungua tu kwenye damu. Pima tena karibu na wiki ya sita na mwezi wa tatu, kisha kila miezi 6. Sampuli isiwekwe kwenye chupa yenye jeli, kwani jeli hufyonza dawa na kushusha jibu.

Kwa mbwa ambaye ini lake lina ugonjwa tangu awali, potasiamu bromaidi, dawa nyingine ya kifafa, ina nafasi yake. Huondolewa mwilini na figo, ila kiwango chake huchukua karibu miezi mitatu kutulia mwilini, na chumvi ya chakula ikiongezeka ghafla, dawa hutoka na mkojo. Levetirasetamu, dawa ya tatu, ni laini kwa ini lakini aina yake ya kawaida, isiyo ya kutoka polepole, mbwa hupewa kila saa 8. Wanaoweza kweli ratiba hiyo ni wachache.

Kosa baya kuliko yote ni kuacha fenobabitoni ghafla, hata kwa nia ya kulinusuru ini, kwa sababu kukatika kwake peke yake huleta matukio mfululizo. Mbwa akikaa mwaka mmoja hadi miwili bila kuanguka, daktari anaweza kuanza kuipunguza, kwa asilimia 20 au chini ya hapo kila mwezi. Akianguka tena katikati ya safari hiyo, upunguzaji husimama na dozi huangaliwa upya.