Mamba Ndani ya Pipa

Mshenga anayesoma majina ya wakwe kwenye karatasi hudharauliwa kabla hata hajakaribishwa maji. Kwa hiyo nilipotumwa Korogwe kumposea mdogo wangu, nilikataa katakata ushauri wa mke wangu wa kuyaandika majina hayo kiganjani. Nilikuwa na mbinu yenye umri wa miaka zaidi ya 2,000. Mwaka 55 kabla ya Kristo, Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma ya kale, alisimulia jinsi mshairi Mgiriki Simonides alivyonusurika paa la ukumbi wa karamu lilipoporomoka na kuwaponda wageni hata ndugu zao wasiweze kuwatambua. Yeye akawataja mmoja mmoja kwa kukumbuka kila mtu alikuwa ameketi wapi. Wasemaji wa kale waliifuata njia hiyo, wakawa wanatembea kimawazo ndani ya nyumba wanayoifahamu na kuacha katika kila pembe taswira ya jambo wanalotaka kulikumbuka, na kadiri taswira ilivyokuwa kioja ndivyo ilivyoganda kichwani.

Mke wangu aliona kuwa ukumbi ulioua wageni ni mfano mbaya kwa shughuli ya posa. Basi nikamtajia utafiti uliochapishwa mwaka 2017, ambamo watu wenye kumbukumbu ya kawaida tu walifanya mazoezi ya mbinu hii nusu saa kila siku kwa majuma 6, na idadi ya maneno waliyoweza kuyakumbuka ikaongezeka zaidi ya maradufu. Akaniuliza mimi nimebakiza majuma mangapi. Posa ilikuwa kesho yake.

Usiku huo niliijaza nyumba yetu wakwe. Mlangoni nilichomeka shoka kwa ajili ya Mzee Shoka. Sebuleni nikaweka sanduku lililofungwa utepe mwekundu, ndiye Bi Zawadi. Jikoni nikazima taa, pakawa giza totoro, Bi Chausiku akapata makao. Kazi ilikuwa bafuni. Alikuwa amebaki baba mkubwa wa binti, ambaye mji mzima humwita Mzee Mamba tangu alipomuua mamba katika Mto Pangani enzi za ujana wake, na bafu letu halina kitu isipokuwa pipa la maji. Nilimwingiza mamba kwa kichwa, mkia ukabaki nje ukivunja vigae. Nikamgeuza, taya zikaziba mlango. Mwishowe nikaanza kumpunguza, nikampunguza tena, hadi akaenea vizuri pipani na kutulia, akawa ananichungulia ukingoni huku akichezesha ulimi.

Kesho yake mambo yalikwenda kwa namna ya kupendeza. Wazee walikuwa wameketi kwenye mikeka, nami nikapita mlangoni, sebuleni na jikoni bila kujikwaa, nikimwamkia kila mmoja kwa jina, hata nikasikia akina mama wakinong'ona kuwa mshenga huyu amelelewa. Nikaingia bafuni. Nikafunua pipa, nikamwona yule mnyama wazi kabisa, na ulimi wake, nikainama kwa heshima zote.

"Shikamoo, Mzee Kenge."

Mamba hawezi kutoa ulimi nje ya kinywa. Anayeuchezesha kutwa ni kenge, na hilo nililikumbuka huku nikiwa bado nimeinama. Marahaba haikuja. Mjomba wangu, ambaye tulimchukua kwa sababu ya hekima yake, akajitosa kuniokoa: "Jamani, kwenye msafara wa mamba na kenge wamo." Nadhani alikusudia kusema kenge ni mimi. Upande wa pili walielewa vingine.

Wazee wakatoka nje kushauriana, wakarudi na faini ya beberu mmoja, ambayo ilitakiwa kulipwa kabla barua ya posa haijafunguliwa. Nikaomba ruhusa ya kujieleza, nikawasimulia habari za nyumba, shoka, giza na pipa. Mzee Mamba alinisikiliza akiwa amefumba macho.

"Pipa lenyewe la lita ngapi?" akauliza.

"Lita 200, mzee."

"Haliwezi kumtosha." Akasimama, akavaa kandambili zake, akaamuru wote tumfuate uani, kisha akahesabu hatua kutoka kizingitini kuelekea kwenye mwembe ili tuuone urefu wa mamba wake. Mahali ulipoishia mkia alinisimamisha mimi, nisimame hapo kama alama, akaanza kusimulia jinsi alivyomuua, bila kuacha hata kipengele, mpaka pilau ikapoa. Faini haikupungua.