Lenzi za usiku kwa watoto wasioona mbali: tuangalie maji kwanza

Mzazi wa Lubumbashi mwenye ndugu Ubelgiji huenda amekwisha kusikia habari za lenzi ngumu ambazo mtoto asiyeona mbali huvalishwa anapolala na kuvuliwa asubuhi, kisha akashinda kutwa bila miwani. Habari hizo ni za kweli. Lenzi hizo, zinazopitisha oksijeni, hubadilisha kidogo umbo la konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, na baada ya wiki moja hivi mtoto huusoma ubao vizuri. Marekani iliidhinisha zivaliwe usiku mwaka 2002. Zikiachwa, konea hurudia umbo lake, kwa hiyo mtoto asiambiwe kwamba amepona.

Kuachana na miwani si faida kubwa kuliko zote. Jicho la mtoto wa namna hii hurefuka kupita kiasi, na kadiri linavyorefuka ndivyo hatari ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kubanduka ukubwani inavyoongezeka. Utafiti wa Hong Kong uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba, katika miaka miwili, macho ya watoto waliovaa lenzi hizo yalirefuka kwa kiasi kilichopungua kwa asilimia 43 kuliko ya wenzao wenye miwani ya kawaida. Mzazi ambaye kila mwaka huambiwa kwamba namba ya miwani ya mwanawe imepanda ana haki ya kuzitamani. Tena, wakati wa kiangazi, vumbi jekundu linapotanda mjini, lenzi inayokaa mchana kutwa katika kikopo chake ina nafuu kuliko ile inayovaliwa barabarani.

Kinachonitia hofu ni maambukizi ya konea. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2013 ulikadiria wagonjwa wapatao 14 kwa mwaka katika kila watoto 10,000 wanaovaa lenzi hizo. Ni wachache, lakini kovu la konea laweza kupunguza uoni maisha yote, na makadirio hayo ni ya nchi ambako daktari wa macho hapatikani kwa taabu. Miongoni mwa vijidudu vinavyohusika, ameba wa jamii moja huishi katika maji ya bomba na ya kisima, na maambukizi yake ni magumu sana kuyatibu. Lenzi, basi, haipaswi kuguswa na maji yoyote ila dawa yake maalumu. Hapa kwetu umeme hukatika usiku, maji ya REGIDESO, shirika la maji la taifa, hukosekana, na familia nyingi hutegemea foraje, yaani visima virefu vya kuchimbwa, na bidoni za kuchotea maji. Lenzi ikimponyoka mtoto wa miaka tisa gizani ikaangukia sakafuni, chupa ya dawa ikiwa imekwisha, ataisuuza kwa kitu gani kama si kwa maji ya jagi lililo karibu?

Ndiyo maana naona miwani iliyopimwa sawasawa itangulie, na matone ya macho ya atropini yenye nguvu ndogo, ambayo hupunguza kasi ya tatizo kuongezeka, yajadiliwe na daktari. Kucheza nje pia kuna faida: huko Guangzhou, China, dakika 40 zaidi za nje kila siku ya shule zilipunguza idadi ya watoto walioanza kutoona mbali, ingawa kwa mwenye tatizo tayari faida yake ni ndogo zaidi.

Familia inayozitaka lenzi hata hivyo imwulize mwuzaji, kabla ya kutoa dola hata moja, ni daktari yupi atakayempokea mtoto siku ileile jicho likiwa jekundu, hata ikiwa Jumapili. Akishindwa kumtaja, zisinunuliwe.