Wachimba makaa wamesahauliwa
Nimesoma makala inayodai eti bendi za zumari za Uskoti, zile zinazopulizwa kwa mfuko wa hewa, ni urithi wa jeshi, raia waliiga tu. Jeshi lilichangia, nakubali, lakini mwandishi wake amewaruka wachimba makaa ya mawe kabisa. Bendi ya Shotts and Dykehead ilianzishwa 1910 kwenye mji wa migodi huko Lanarkshire, na mwaka 1948 ikatwaa ubingwa wa dunia. Mwaka uliotangulia kombe lilikwenda Bowhill, nayo bendi ya mgodi! Hapa karibu na Glasgow binti yangu anafundishwa zumari bure kila wiki. Miezi yote hii anapuliza filimbi ya mazoezi tu, zumari yenyewe yenye mfuko bado hajakabidhiwa. Mwalimu wake alifundishwa na babake, mchimbaji. Wenzangu mlioko Kanada, watoto wenu nao wanafundishwa hivi?