Macho ya Babu na Sinia la Ming'oko

Kazi tuliyopewa chuoni ilikuwa fupi kuitaja: tengenezeni mwanzo wa filamu, dakika 2, basi. Filamu yenyewe haitakiwi. Mwanzo tu, ule wa kumfanya mtazamaji aliyebanwa na haja ndogo aahirishe.

Kundi letu lilikuwa la watu watatu. Dairekta, binti wa Masasi ambaye hata akiagiza chai anaelekeza kikombe kiwekwe upande gani. Kameramani, kijana wa Newala aliyekulia juu kule kwenye mikorosho, bahari kwake ni mgeni. Na mimi, wa kukata na kuunga. Kisa alikileta dairekta. Mvuvi mzee, mwanawe katoka na ngalawa hakurudi, na kila siku mzee anakaa barazani anatazama baharini. Jina: Bado Namngoja. Kwa kuwa alikisikia kwa shangazi yake, ambaye aliwajua wahusika, akashikilia kwamba chini ya jina yawepo maandishi "Kisa cha kweli". Tulikubali. Nani angekataa?

Mzee tukampata Mikindani, mji mkongwe wa pwani jirani na Mtwara: babu yangu mzaa mama. Hajawahi kuwa mvuvi. Ni mkulima wa korosho, na maji ya bahari yakimfika magotini anaanza kusoma dua. Lakini uso anao, na ana kipaji adimu cha kukaa barazani tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi bila kubadili mguu.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Mmekuja na vyuma gani hivyo?"

Dairekta akamweleza kwa upole kwamba hatakiwi kusema wala kufanya kitu. Atazame tu upande ule, kwa utulivu.

"Kwa hiyo nikae?"

"Ukae, Babu."

"Na hii ndiyo kazi mnayosomea kwa ada?"

Akakaa. Na jamani, alikaa! Kameramani alimvuta uso karibu mpaka ndevu zikahesabika. Macho yametulia, mdomo umefumba, haelekei kufurahi wala kuhuzunika. Kuna wakati alimeza mate, koromeo likapanda, likashuka. Dairekta alikuwa amesimama pembeni na shuka jeupe la kurudishia mwanga, machozi yanamlenga. Alisema ameona msiba wa baba mzima.

Mbali na Babu tulipiga kila kitu kilichosimama Mikindani. Boma la Wajerumani la mwaka 1895, mibuyu, nyumba za mawe zilizobomoka, jengo lenye kibao cha Livingstone, maana safari yake ya mwisho ya bara aliianzia hapo mwaka 1866 na mji haujaacha kulitaja. Tulimpiga pia mama mmoja jirani anayeuza ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, kando ya barabara, kwa ruhusa yake: mikono inamenya, mvuke unatoka kwenye sinia, kanga inateleza begani naye anairudisha. Wakati huo kameramani alikuwa anarudi kinyumenyume, akatumbukia mtaroni, na yule mama akacheka kicheko kirefu, kizuri, cha mtu aliyecheka kwa moyo wote. Maikrofoni ilikipata chote.

Rasimu ya kwanza nikaiunga chumbani kwangu Chikongola, Mtwara mjini. Ilitoka dakika 6. Umeme ulikatika katikati ya kuihifadhi, ikabidi nianze upya (gesi inachimbwa hapo Msimbati, tunaisikia redioni ikiwaka Dar). Mwalimu akaitazama mikono kifuani, mpaka mwisho, halafu akauliza, "Hii ni filamu au tangazo la utalii?"

Alikuwa na haki. Boma peke yake lilikula dakika nzima, na mtu wa kwanza anaonekana wakati mtazamaji keshamaliza karanga. Akatuambia mwanzo una kazi ndogo tu: nimwone nani, yuko wapi, anakosa nini. Visivyosema hilo, toa.

Nikatoa. Livingstone akaenda, mibuyu ikaenda, Boma likabaki sekunde 3. Ndipo ikajulikana kwamba hatuna bahari. Kila klipu ya bahari kameramani aliifungulia mwanga kupita kiasi. Mbingu na maji vyote vyeupe, na pale upeo unapoonekana umeinama, mtu angedhani ghuba ya Mikindani inamwagika kuelekea Msumbiji. Sauti nayo ilikuwa upepo wa kusi mtupu, unapiga maikrofoni bila huruma. Kurudi kupiga tena hakukuwezekana, kamera ilikuwa ya kuazima na mwenyewe alishaichukua kwenda kwenye harusi.

Kwa hiyo nina uso wa mzee anayetazama kitu, na kitu chenyewe sina.

Hapa lazima nimtaje Mrusi mmoja, mtengeneza filamu, maana bila yeye hamtanielewa. Lev Kuleshov, miaka michache baada ya mapinduzi ya 1917, alichukua uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, uso uleule, hauna hisia yoyote, akauunga mara na bakuli la supu, mara na jeneza, mara na mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji: tazama njaa yake, tazama huzuni, tazama tamaa. Na uso haukubadilika hata ukope. Mwalimu alitufundisha hilo mapema sana, na mimi ndilo somo nililolishika kuliko yote.

Nikapiga hesabu. Mzee wa kwenye kisa ni fukara. Mtoto aliyekuwa akileta samaki hayupo. Uso wa Babu ukiuunga na sinia la ming'oko unapata nini? Njaa. Njaa na upweke. Na bahati ilivyo, Babu alitazama kulia na yule mama aligeukia kushoto. Ukiziweka pamoja, macho yanakutana sawasawa. Hesabu ile mpaka leo naiona ni sahihi, atakayebisha aje na klipu zake.

Kilichobaki kilikuwa kusafisha. Uso wa Babu ulipigwa kwa fremu 50 kwa sekunde, nikauweka kwenye mstari wa fremu 25, mwendo ukawa wa polepole bila kukwama. Lile koromeo sasa lilipanda kwa heshima zake zote, likasimama juu kidogo, likashuka. Rangi zilitoka za bluu kwa sababu kamera iliachwa kwenye mpangilio wa taa ya ndani. Nikaongeza ujoto hadi Mikindani nzima ikawa ya machweo. Upepo wa kusi nikauzima wote, na mahali pake jamaa yangu mmoja akanipigia kinanda, mwendo wa taarabu, taratibu. Mwisho nikatumia mbinu ambayo wakata filamu wote wanaipenda: sauti ya picha inayofuata inatangulia, inaingia wakati bado unaona picha iliyopo. Inafanya kiungo kisisikike. Sauti safi niliyokuwa nayo ya yule mama ilikuwa moja tu. Kicheko.

Dairekta alitazama, akasema kimelainika. Ndiyo, kililainika kwelikweli.

Babu alikuwa ametoa sharti: hakukaa juani bure, anataka ajione. Basi tukaazima projekta, tukatandika shuka ukutani nje ya nyumba yake baada ya swala ya isha. Mtaa mzima ukaja. Watoto walikaa mbele mchangani, wazee nyuma yao, na Bibi katikati kwenye kiti chenye mgongo, kanga mpya, mke wa staa. Mama wa ming'oko naye alikuja, na sinia lake, maana penye watu pana biashara.

Boma likapita. Ukaingia uso wa Babu, mkubwa kuliko dirisha. Watu wakapiga makofi, Babu akajikohoza. Kinanda kikaanza. Halafu kwenye uso ule, Babu akiwa ametulia anatazama, kikasikika kicheko cha mwanamke.

Makofi yakakatika.

Koromeo likapanda. Likasimama. Likashuka.

Ndipo akatokea mama wa ming'oko, kwenye mwanga wa dhahabu, anarudisha kanga begani. Kijana mmoja nyuma akapiga mluzi. Bibi mmoja akasema "Mwe!" Nami nikakumbuka nini kinafuata, mkono ukaenda kwenye laptopu, lakini herufi zilishaanza kujitokeza juu ya uso wa yule mama, kubwa, nyeupe, tena zikiingia moja moja: BADO NAMNGOJA.

Na chini yake: Kisa cha kweli.

Sijui nieleze vipi kelele zile. Kuna mzee alianguka na kigoda. Na bado palikuwa na matumaini, kwa sababu kuanzia sekunde ya 50 mambo yote yanajieleza: ngalawa tupu imevutwa mchangani, shati la kijana limetundikwa ukutani, mkono wa Babu unaligusa. Mtu akifika hapo anaelewa ni msiba. Sekunde ya 48, umeme ukakatika.

Giza, na Mikindani nzima inacheka. Kisha sauti ya Bibi, pole kabisa, ikasema, "Mume wangu, hebu njoo hapa."

Shida ni kwamba Bibi ana waume wawili. Babu ni wa ndoa, na mimi mjukuu, ambaye tangu nazaliwa hajawahi kuniita kwa jina lingine. Hakuna aliyejua anaitwa yupi. Nilimsikia Babu anapumua pale karibu yangu. Hakutikisika. Nami sikutikisika.

"Nasema mume wangu."

"Anakuita," Babu akaninong'oneza.

"Mkeo huyo, Babu."

Mtu akawasha tochi ya simu, ikatukuta wote wawili tumejibanza kwenye nguzo ya baraza. Mama wa ming'oko alikuwa wa kwanza kujitetea: "Jamani, mimi nilikuwa namenya ming'oko yangu tu! Nilimcheka huyo kijana aliyeanguka mtaroni!" Kameramani akathibitisha, akaonesha hadi kovu la kwenye goti. Ingeishia hapo. Lakini Babu naye akaona azungumze.

"Mke wangu, wallahi huyo mama sikumwona kabisa. Mimi nilikuwa namtazama huyu binti wa Masasi."

Ni kweli tupu. Upande aliosimama dairekta na shuka lake ndio upande alioambiwa atazame. Kila neno lilikuwa la kweli na kila neno lilizidi kumzamisha.

"Kumbe wako wawili," Bibi akasema.

"Nilikuwa nawaza salfa! Mikorosho imetoa maua, ugonjwa wa ubwiriunga unaingia, na mfuko mmoja wa dawa ya salfa sina! Nzee kama mimi nitawaza wanawake wakati korosho zinakufa?"

Wakulima wawili watatu waliguna kukubaliana naye. Wanawake hata mmoja hakuguna. Sinia la ming'oko liliisha usiku uleule, wateja wakitaka kuionja ming'oko iliyomshinda mzee wa watu.

Alfred Hitchcock, dairekta maarufu wa filamu, aliwahi kulieleza jambo hili kwenye televisheni miaka ya 1960. Mzee anatazama, halafu anatabasamu. Ukimwekea katikati mama na mtoto mchanga, ni mzee mwema. Ukitoa mtoto ukaweka msichana wa kuogelea, tabasamu lilelile, ni mzee mhuni. Nilimweleza Bibi hayo asubuhi yake, pamoja na Kuleshov na supu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaomba aone kipande kilichobaki, kwenye laptopu. Ngalawa, shati, mkono. Akanyamaza muda, akajifuta jicho kwa ncha ya kanga.

"Mmefanya vizuri," akasema. "Sasa mtoe huyo mwanamke."

"Bibi, sina picha nyingine."

"Mimi sina mikono?"

Kwa hiyo tulipiga tena, kwa simu ya dairekta, Bibi anamenya ming'oko uani. Hakutaka kuelekezwa. Alimenya bila kuangalia kisu, kamba ya ganda ikashuka ndefu bila kukatika, na ilipodondoka akainua macho akatazama moja kwa moja kwenye kamera. Kameramani alirudi nyuma hatua, picha ikatikisika. Kicheko nikakitupa, nikaweka sauti ya kisu. Kinanda nikakiondoa. Uso wa Babu sikuugusa: fremu zilezile, koromeo lilelile.

Mwalimu alitazama kimya, akarudisha nyuma, akatazama tena. Safari hii alikuwa ameegemea mbele.

"Huyu mzee anajua kitu kuhusu mwanawe," akasema. "Anajua, na mkewe hajui, na anaogopa siku mkewe akijua. Hofu kama hii kwa mtu ambaye hakusomea! Mlimwelekeza vipi?"

Dairekta akasema tulifanya naye mazoezi kwa kina.

Alama tulipata nzuri. Mwalimu anamtaka Babu kwa kazi ya muhula ujao, achezeshwe hakimu, akae tu anatazama. Nilipompelekea salamu alikuwa shambani chini ya mkorosho, akaniuliza malipo ni nini. Nikamwambia chuo hakina fungu, labda soda na nauli. Akasema yeye uso wake si wa soda. Wamletee mfuko wa salfa, wa kilo 25, uliofungwa vizuri, na waupitishe kwa Bibi ili ajue anatoka kwa nani.